Mpaka Usio na Askari



Kila tunapozungumza nanyi, iwe kwa simu au tunapokuja nyumbani likizoni, kuna swali moja ambalo halikosi: "Ninyi mnaoishi Ulaya kwa viza ya ndoa, je, mko huru kusafiri mnakotaka?" Kwa miaka kadhaa tulilijibu swali hili kwa haraka, mara kwa ndiyo, mara kwa hapana, kisha tukageukia habari nyingine. Leo tunataka kulijibu kwa utaratibu, kwa maana katika mwaka wa 2025 lilitujia sisi wenyewe, tena mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa msiba.

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke. Tulifunga ndoa mjini Lubumbashi mwaka 2021. Wakati huo mume alikuwa tayari Ubelgiji, akifanya kazi ya fundi umeme kwa kibali cha ukaazi kisicho na ukomo. Mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Katuba. Sasa tunaishi katika mji mdogo ulio kando ya mto Meuse, si mbali na Liège. Huenda baadhi yenu mnajua kwamba Liège na Lubumbashi ni miji yenye udugu rasmi tangu mwaka 1961. Tulipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza tulicheka: miji yetu ilioana zamani kabla yetu sisi!

Wengi wenu mnadhani kwamba mtu akiisha kufunga ndoa na mkaazi wa Ulaya, mlango umefunguka. Sivyo. Sheria ya huku humtaka anayemwita mwenzake aonyeshe kwamba ana mapato ya kudumu, ambayo wakati wetu yalipaswa kufikia asilimia 120 ya fedha ambazo serikali humpa mtu asiye na kipato. Tena awe na nyumba inayotosha na bima ya afya kwa wote wawili. Anayeitwa naye hukusanya cheti cha ndoa, cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema na cha daktari, na vyeti vyetu vya Kongo ni lazima vithibitishwe kwa mihuri kabla ya kupokelewa. Baada ya hapo ni kusubiri. Kwa watu wa hali yetu, serikali hujipa hadi miezi tisa ya kuamua, na inaweza kuiongeza. Mama yetu wa Katuba alikuwa akituambia, "Miezi tisa mwanamke hubeba mtoto; ninyi mmebeba karatasi."

Mke alifika mwezi wa tano mwaka 2022. Siku chache baadaye askari wa mtaa alibisha hodi. Alisoma majina yetu mawili kwenye kisanduku cha barua, akaingia, akatazama, akauliza maswali machache kwa upole, akaenda zake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba tunaishi pamoja kweli. Ndipo komini ikatoa kadi ya ukaazi, kadi ya mwaka mmoja, ambayo lazima iombwe upya kila mwaka. Katika miaka mitano ya kwanza wenye mamlaka wanaweza kuchunguza tena, na wakiona kwamba mume na mke hawaishi pamoja, wanaweza kuiondoa. Tunawaambieni haya ili mwelewe kwamba kadi ya mke ilibebwa na kadi ya mume kama mtoto anavyobebwa mgongoni. Mbebaji akijikwaa, wote wawili huanguka.

Na je, kadi hiyo inaruhusu kusafiri? Ndiyo, maadamu haijaisha muda, tena ikiandamana na pasipoti iliyo hai. Mwenye kadi hiyo anaweza kutembelea nchi nyingine zilizomo katika mapatano ya Schengen kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Ni kutembea tu. Si kwenda kukaa wala kufanya kazi. Mapatano hayo yana jina la kijiji cha Luxembourg kilicho kando ya mto Moselle, ambako yalitiwa sahihi tarehe 14 Juni 1985. Mipaka yenyewe ilianza kufunguliwa tarehe 26 Machi 1995. Leo nchi hizo ni 29. Uingereza haimo, wala Ireland haimo. Kwa hiyo binamu anayetuambia, "Njooni London mwishoni mwa juma, si ni palepale?" hajui kwamba kwa mwenye kadi yetu London ni mbali kama vile tungekuwa Kolwezi: lazima kuomba viza nyingine, kulipa na kungoja.

Vilevile mwenye kadi anaweza kwenda nyumbani Kongo na kurudi, mradi arudi kadi ikiwa bado hai. Akitaka kukaa zaidi ya miezi mitatu, anatakiwa kuiarifu komini kabla ya kuondoka, na haki ya kurudi haivuki mwaka mmoja. Hayo ndiyo masharti kwa ufupi. Si magumu kuyajua. Ugumu, kama tulivyojifunza, uko katika kuyashika wakati ambapo hakuna anayekutazama.

Ninyi mlio Lubumbashi mnaijua Kasumbalesa. Huwezi kuvuka kuingia Zambia bila kujua kwamba umevuka: kuna foleni ya malori, wabadilisha fedha, askari, vizuizi, wauza maji, na karani mwenye muhuri. Mpaka wa huku si hivyo. Kutoka stesheni ya Liège-Guillemins mpaka Maastricht, nchini Uholanzi, ni mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Tulipokwenda mara ya kwanza, kwa ubatizo wa mtoto wa ndugu yetu, mke alibandika uso dirishani akingoja kuuona mpaka. Aliona ng'ombe, bustani, na nyumba za matofali. Kisha simu ikalia kidogo kumkaribisha Uholanzi. "Ndiyo imekwisha?" aliuliza. Ndiyo, ilikuwa imekwisha. Tokea siku hiyo tulizoea kuvuka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, na katika kuzoea huko ndimo lilimoanzia kosa letu.

Kadi ya tatu ya mke ilikuwa iishe mwanzoni mwa mwezi wa sita mwaka 2025. Sheria inasema kwamba ombi la kuiongeza hupelekwa kati ya siku ya 45 na siku ya 30 kabla ya kadi kwisha. Tulilijua jambo hilo. Tulikuwa tumelifanya mara mbili. Lakini mwaka huo mume alikuwa amebadili mwajiri, nasi tukataka kungojea karatasi ya mshahara wa mwezi wa tatu ili faili letu lionekane nono. Tukasema, wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Tulipofika komini zilikuwa zimebaki siku kumi. Karani hakutukaripia. Alipokea faili, akatuambia kwamba lingetumwa Bruxelles kuchunguzwa, na siku kadi ilipokwisha akampa mke karatasi ya muda ambayo watu wa huku huiita kwa namba yake tu, annexe 15. Karatasi hiyo ilimlinda: alikuwa na haki ya kukaa Ubelgiji akingoja jibu. Lakini haikuwa hati ya safari. Treni ya Maastricht ikaendelea kupita kila saa kama zamani, milango yake wazi, na kwa mke ikawa imefungwa.

Sasa furaha. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenyeheri. Habari zake mnazijua: kijana wa Goma, aliyesomea sheria, aliyefanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, walimpa rushwa apitishe shehena ya mchele ulioharibika, akakataa, na katika mwezi wa saba mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, wakamwua. Wakongo wengi wa eneo letu walipanga kwenda kwa basi, nasi tulikuwa tumelipa nafasi mbili tangu mwezi wa tatu. Mke alikuwa ameshashona kitenge.

Tulipowaeleza wenzetu kwamba kadi imekwisha na karatasi hairuhusu safari, walishangaa, wengine walicheka. "Basi litapita Luxembourg, Ufaransa, Uswisi. Nani huwasimamisha mahujaji? Kaeni viti vya nyuma, mtaimba, mtafika." Hawakuwa watu wabaya. Walitaka tufurahi pamoja nao. Na walisema kweli kuhusu jambo moja: yawezekana sana kwamba hakuna askari ambaye angepanda ndani ya basi lile. Ni kweli pia kwamba mambo yalikuwa yameanza kubadilika, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imerudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024, na Uholanzi tangu tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Lakini hatutaki kudai kwamba hofu ya kukamatwa ndiyo iliyotuamulia.

Tulikaa jikoni tukajiuliza: tunakwenda kumsherehekea nani? Mtu aliyekufa kwa sababu alikataa kusema kwamba kisichofaa kinafaa, mpakani, kwa saini yake. Nasi tungekwenda kwake tukiwa na karatasi isiyofaa, tukitumaini kwamba hakuna atakayeisoma. Mke ndiye aliyelisema kwanza: "Nitaimba nini mbele yake?" Basi tuliwauzia wengine nafasi zetu. Siku yenyewe tulifuatilia ibada kwenye simu, tumeiegemeza kwenye sufuria ya fufu, na mke amevaa kitenge chake kipya hapohapo jikoni. Tulihuzunika kidogo, tukajisifu kidogo pia, tukidhani kwamba tumekwisha kulipa deni la uzembe wetu. Tulikosea. Deni lenyewe lilikuwa bado halijafika.

Siku ya Jumanne, katikati ya mwezi wa saba, simu ililia kabla ya jua kuchomoza. Wakati wa kiangazi cha huku, saa za Ubelgiji na za Lubumbashi ni zilezile. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu na kwao. Kaka mkubwa wa mke alisema maneno matatu tu: "Mama ametuacha usiku." Shinikizo la damu lililokuwa likimsumbua kwa miaka lilikuwa limemwangusha bafuni. Mazishi yangekuwa Ijumaa.

Jibu la Bruxelles lilikuwa halijaja. Mke alikwenda komini asubuhi ileile akiwa na ujumbe wa kifo kwenye simu. Karani, ambaye safari hii macho yake yalijaa machozi, alimweleza tulichokijua tayari: hakuna anayeweza kumzuia mtu kurudi kwao, lakini kwa karatasi ile hataweza kurudi Ubelgiji, itambidi aombe viza ya kurudia katika ubalozi akiwa Kongo, wakati faili lake bado limelala mezani huku, na hakuna wa kumwambia angengoja wiki ngapi au miezi mingapi. Tungeweza kurudi katika ile hali ya mwaka 2021, mmoja huku na mmoja kule. Kama tungepeleka faili letu kwa wakati, labda kadi mpya ingekuwa mfukoni mwake. Hilo hakulisema karani. Tulilisema sisi, wenyewe kwa wenyewe, na siku ile tulilisema kwa ukali ambao hatukuwa tumewahi kuutumia kati yetu.

Jioni alikuja rafiki mmoja wa familia. Alilia pamoja nasi, akala kidogo, na alipoinuka kuaga aliweka juu ya meza kadi ya ukaazi ya dada yake pamoja na pasipoti yake. "Wanafanana," alisema. "Weusi wote kwao tunafanana. Nenda ukamzike mama yako, urudi, umrudishie." Tunataka mwelewe kwamba mtu huyu alitoa kwa moyo. Alikuwa akihatarisha hati za dada yake kwa ajili ya machozi yetu.

Hatukukataa papo hapo. Ya Roma tuliyakataa kwa dakika chache, kwa kuwa ilikuwa sherehe. Huyu alikuwa mama. Usiku kucha kadi ile ilikaa mezani chini ya taa, nasi tukaizunguka bila kuigusa. Tulizitaja sababu zote za kuichukua. Sheria hii imetungwa na watu wasiojua kilio ni nini. Mama hafi mara mbili. Mungu anaona moyo. Kila sababu ilikuwa na uzito, na hata leo hatuthubutu kumhukumu anayezifuata.

Kabla ya mapambazuko mke aliichukua ile pasipoti, akaifungua, akasoma jina lililoandikwa ndani yake kwa sauti, taratibu, kama mwalimu anayeita orodha ya darasa. Kisha akasema, "Mama ndiye aliyenipa jina langu. Nitamwendea kaburini kwa jina la mtu mwingine?" Akaifunga. Tuliirudisha asubuhi hiyo.

Ikabaki njia moja: mume aende. Ninyi mnaoijua desturi yetu mnajua kwamba jambo hilo si dogo. Kwa mkwe, mama mzaa mke ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hakai naye mkekani, hali naye sahani moja. Kwenda kusimama kaburini mahali pa binti yake ni kuvuka mpaka wa namna nyingine. Lakini mume alikuwa na pasipoti ya Kongo na kadi iliyo hai, akapata tiketi ya kupitia Addis Ababa, akasafiri Jumatano usiku. Hapa tuseme neno moja kwa wale mnaotamani uraia wa kigeni. Mume angekuwa ameomba uraia wa Ubelgiji, kama marafiki wengi walivyomshauri, asingeondoka usiku ule. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Aliyechukua wa kigeni anahitaji viza ili aingie nchi aliyozaliwa. Hatusemi kwamba kuuchukua ni vibaya. Tunasema kwamba kila karatasi inayofungua mlango mmoja ina mlango mwingine inaoufunga, na ni vyema kuijua milango yote miwili kabla ya kutia sahihi.

Alikuta Lubumbashi kwenye baridi ya mwezi wa saba, vumbi jekundu juu ya majani, watu wamejifunika mablanketi kuzunguka moto wa kilio. Swali la kwanza lilitoka kwa mama mdogo wa mke, mbele ya wote: "Binti yuko wapi? Ulaya imemfundisha kutolia?" Wengine waliitikia kwa kuguna. Ilikuwa rahisi kujibu kwamba Wazungu wamemkatalia. Jibu hilo lingepokelewa na kila mtu, na lingetuondolea aibu. Mume alisimama akasema, "Wazungu wana sheria zao, lakini safari hii kosa ni letu. Tulipaswa kupeleka karatasi mapema, tukachelewa. Mke wangu analia peke yake nyumbani kwa sababu ya uvivu wetu sisi wawili. Ninaomba msamaha kwa niaba yake na yangu."

Watu walinyamaza. Kisha mjomba mzee, ndugu wa marehemu, akasema, "Basi utakapotupa udongo, taja jina lake. Lote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya Ijumaa, saa nane mchana kule na saa nane mchana huku, mke alikuwa amekaa sakafuni jikoni, simu sikioni, jirani yetu Mbelgiji mzee amemshika mkono bila kuelewa neno hata moja. Alisikia nyimbo, akasikia upepo kwenye kipaza sauti, akasikia majembe. Kisha akasikia sauti ya mume ikitamka jina lake, yale majina matatu ambayo mama alimpa, na baada yake udongo ukianguka. Baadaye wazee walimwambia mume kwamba hawajawahi kuona mkwe akifanya hivyo, na hawakusema kama ni vizuri au vibaya.

Kadi mpya ilifika siku kumi na tisa baada ya mazishi.

Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda pamoja kwa ajili ya kumaliza matanga. Mvua ilikuwa imeanza, na kaburi lilikuwa limeota majani. Mke alikaa pale muda mrefu peke yake, nasi hatuandiki hapa alichosema. Mama mdogo alimpokea kwa kumkumbatia kwa nguvu, kisha akamwambia bila kuficha, "Nilikukasirikia sana. Bado kidogo." Hilo nalo tulilipokea. Tuliporudi, askari wa uwanja wa ndege wa Bruxelles aliitazama kadi na pasipoti kwa sekunde chache, akatazama uso, akalisoma jina, akasema karibu. Mke alimwitikia na kupita, akiwa na jina lake mwenyewe.

Vijana wapendwa, tunajua kwamba baadhi yenu mtafunga ndoa na watu walio mbali, na wengine mmekwisha kuchumbiwa kwa simu. Hatuwakatazi, sisi wenyewe tulifanya hivyo, na hatujutii hata siku moja. Lakini msiichukue viza ya ndoa kuwa tiketi. Imetolewa ili watu wawili waishi chini ya dari moja, na haki ya kusafiri inakuja nyuma yake, ikiwa na tarehe zake. Basi ziandikeni tarehe hizo ukutani, mahali ambapo wote wawili mtaziona. Anzeni kukusanya karatasi miezi mitatu kabla. Angalieni pasipoti isije ikafa kabla ya kadi. Wekeni akiba ya tiketi ya msiba, kwa maana msiba haungojei mshahara. Wazee wakiwa wagonjwa, msiiache kadi ifike ukingoni. Na kabla ya kuoana zungumzeni jambo hili waziwazi: siku mmoja wenu hawezi kusafiri, mwingine atakwenda kama nani, na atasema nini kwa niaba yake?

Kuhusu ile mipaka isiyo na askari, hatuna maneno makubwa. Treni ya Maastricht bado inapita kila saa. Sasa tunaipanda tena, kadi ikiwa mfukoni, na hakuna anayeiomba. Mke huitoa hata hivyo, akaisoma tarehe iliyoandikwa juu yake, akairudisha.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Je, kuna kosa letu wenyewe ambalo tumezoea kuwabebesha wengine: serikali, wageni, wazazi? Ni nani tunayepaswa kumwambia ukweli wake?

2. Rafiki aliyetoa kadi ya dada yake alifanya tendo la huruma. Tungemjibu namna gani bila kumdharau na bila kukubali?

3. Katika familia zetu, ni nani anayelia peke yake mbali kwa sababu ya karatasi? Juma hili tunaweza kumfanyia nini?